Hotuba Yangu Iliunguza Mikate

Shangazi wa gazeti, nishike mkono maana nazama,

Mimi ni msimamizi mpya wa kiwanda kidogo cha mikate, zamani nilikuwa nafunga mikate kwenye mifuko na wenzangu tukitaniana vizuri tu, ila nilipopandishwa cheo mume wangu akaniambia kiongozi asiyehutubia ni jogoo asiyewika, basi nikaanza kutazama wahamasishaji kwenye simu, na kila asubuhi napanda juu ya kreti na kupaza sauti, "Sisi ni nani?" nao wanatakiwa wajibu "Simba!" lakini wanajibu kama wagonjwa, na juzi nilikuwa nimenoga kabisa, naeleza kwamba fursa haimngoji mtu, mara mchomaji wetu wa tanuri akanyoosha mkono, nikamwambia maswali mwishoni, akaushusha kwa adabu, kumbe alitaka kwenda kutoa mikate, Shangazi, yote ikawa mkaa! Maduka yamekosa mikate, na sasa wananiita Mheshimiwa na nikiingia wananyamaza.

Kinachoniuma ni kwamba nawapenda hawa watu. Mwezi uliopita umeme ulikatika, mashine ya kukandia ikazima, tukakunja mikono ya nguo tukakanda pamoja huku tunaimba, nikawaambia tu, "Jamani, mikono yenu imetuokoa," ila siku hiyo sikupata hata nafasi ya kuhutubia. Tajiri amesema Jumatatu atakuja kusikia ninavyowatia moyo, na asiporidhika ananirudisha kwenye mifuko. Je, nikariri hotuba ndefu zaidi?

Mimi, Msimamizi

*

Mwanangu Mheshimiwa,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakuonea huruma, kisha nikakasirika. Maswali mwishoni! Mtu wa moto ananyoosha mkono, nawe unamfundisha habari za fursa? Ulikuwa unajisikiliza mwenyewe, na watu wanalijua hilo upesi kuliko unavyodhani.

Tena unasema siku ya umeme kukatika hukuhutubia. Ulihutubia, tena ukapatia! Maneno yalikuwa machache, ya kweli, yaliwahusu wao, na wewe mwenyewe ulikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Hao wa kwenye simu hawajawahi kukanda chochote. Na mumeo mwambie kwa upole kwamba jogoo huwika sana lakini hajawahi kutaga.

Usikariri kitu. Kesho, mikate ikishatoka, mwombe radhi mchomaji mbele ya wote, wala usitie "lakini" ndani yake. Jumatatu simama chini, sakafuni, pamoja nao. Waambie kazi ya siku ni ipi, msifu mmoja wao kwa jambo uliloliona kwa macho yako, uliza nani ana neno, na anayenyoosha mkono apewe nafasi papo hapo. Halafu nyamaza, uvae aproni.

Tajiri akikuuliza mbona hakuna aliyepiga makofi, mwonyeshe mikono yao: yote iko kwenye unga.

Shangazi