Darasa Linaanza Saa Nne

Kamsamba, 14 Aprili 2024

Shikamoo Baba. Baridi ya Ikinga inakuacheni salama? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanikausha. Naandika kwa sababu kwenye simu unajibu usichoulizwa.

Baba, miezi mitatu ya ualimu mkuu imenichosha. Darasa la saba lina watoto sitini na mmoja. Wanaokuja ni kumi na tisa. Wengine wako mashambani wanaamia ndege wasimalize mpunga. Kwenye jaribio la kata tumekuwa wa mwisho, na mtihani wa taifa ni Septemba. Nifanye nini?

Binti yako, Gwantwa

Ikinga, 22 Aprili 2024

Marahaba mwanangu. Tu wazima, masikio tu ndiyo yamestaafu kabla yangu.

Umekuwa mpole mno, umemrithi marehemu mama yako. Funga geti saa moja na nusu. Atakayechelewa arudi na mzazi. Wazazi wa huko hawapendi shule, nimewaambia hata wazee wenzangu kanisani. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Baba yako, Tuntufye

Kamsamba, 6 Mei 2024

Shikamoo Baba. Natumaini kahawa inaendelea vizuri.

Nilifunga geti. Waliochelewa wakitoka kuamia niliwarudisha, na hawakuja tena, wala wazazi wao. Sasa nina kumi na mmoja. Fortunata, mama wa mmoja wao, alinikuta kisimani akaniambia, "Mwalimu, ndege hawasomi ratiba yako. Ukifunga geti unamfundisha nani?"

Nimeandika barua ya kuomba kuvuliwa ukuu. Mwisho wa mwezi naipeleka wilayani. Nimeshindwa, Baba.

Binti yako, Gwantwa

Ikinga, 13 Mei 2024

Mwanangu mpendwa, u mzima? Mimi barua yako imenikosesha hamu ya kula.

Nilikupa amri ya shamba nisilolijua. Kahawa yetu haiibiwi na ndege, inamngoja mchumaji. Ulipokuwa darasa la nne nilikuzuia nyumbani wiki mbili uchume, unakumbuka? Mwalimu Sadoki hakunifokea. Alikuja na kikapu, akachuma kando yako huku akikuuliza hesabu. Nilimcheka, lakini ulifaulu.

Usiipeleke barua kabla hujasimama siku nzima kwenye mpunga. Ukisimama ukaona huwezi, njoo nyumbani kichwa juu. Mwanangu ni wewe, siyo cheo.

Baba yako, Tuntufye

Kamsamba, 9 Juni 2024

Shikamoo Baba. Unakula sasa? Samahani kwa kimya.

Nilikwenda kwa Fortunata alfajiri, nikapanda kwenye dungu, lile jukwaa la kulindia ndege, nikarusha matope kwa kombeo hadi bega likagoma. Watoto walinicheka, maana ndege niliowakosa walitua nyuma yangu. Lakini kufika saa nne, jua lilipochoma, ndege walikwenda kupumzika mitini, hawakurudi hadi saa tisa alasiri. Watoto wakabaki wamekaa tu, wanacheza bao. Hapo nikaelewa.

Niliitisha mkutano wa wazazi. Nikasema, "Nilikosea. Nilifunga geti wakati ninyi mnalinda chakula cha watoto hawahawa." Baba, nilisema mara mbili, ili na wa nyuma wasikie. Hakuna aliyecheka. Tukakubaliana, na Afisa Elimu Kata akaridhia, kwamba mpaka mavuno darasa la saba lianze saa nne na kuisha saa tisa. Siku ya kwanza ilivurugika kwa kuwa tuliwasahau wa mashamba ya mbali, wakafika saa tano, tukarekebisha wao watoke shambani mapema. Sasa wanakuja hamsini na wanne.

Kwenye jaribio la pili tumekuwa wa pili kutoka mwisho. Watoto walishangilia, nami nikashangilia nao. Wilayani sijaenda, na siendi.

Binti yako, Gwantwa

Ikinga, 17 Juni 2024

Marahaba, mwalimu mkuu wangu. Ninakula, tena sana.

Barua yako nimeisoma mara nne. Jana baada ya ibada niliwasimamisha wazee wale niliowaambia kwamba wazazi wa huko hawapendi shule. Nikawaambia nilikosea. Nina miaka sabini na mbili na sijawahi kulitamka neno hilo mbele za watu. Hata mama yako hakulisikia, Mungu anisamehe. Nililisema mara mbili, kama wewe. Mzee Yesaya akadhani naumwa, akanishika mkono. Nikamwambia siumwi, ninajifunza kwa binti yangu.

Baba yako, Tuntufye