Daktari wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua. Mwaka huu naomba chuo cha udaktari. Matokeo yangu ya shule yanatosha — kwa kubana pumzi, lakini yanatosha. Bado insha ya kujieleza, muda wa kujitolea hospitalini, halafu usaili nikijaliwa kuitwa.

Nilimwambia Mama jikoni, kwa sauti ya chini, likae kati yetu kwanza. Mama akamwambia Baba. Baba ni fundi wa kuandika mabango. Mtu ambaye kazi yake ni kutangaza! Alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua.

Na jioni nikapata mgonjwa. Jirani wa mlango wa pili, goti. Akakaa kwenye kochi letu, akaninyooshea mguu. Nikalitazama goti. Goti nalo likanitazama. Baba amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kama mkurugenzi wa hospitali. Nikamwambia jirani anywe maji ya kutosha. Akashukuru mno! Nilitamani kochi linimeze.

Jumatano, 5 Februari

Nimesoma na Kamusi. Rafiki yangu tangu shule, naye anaomba udaktari. Ukimuuliza habari ya ini anakueleza mpaka vimishipa vya mwisho, wala hapumui katikati. Ndiyo asili ya jina.

Leo ilikuwa insha. Kwa nini unataka kuwa daktari? Nikaandika: Tangu nikiwa mtoto mdogo nilikuwa na ndoto ya kuokoa maisha. Kamusi akacheka mpaka akapaliwa. Anasema wasaili wameisoma sentensi hiyo hadi wanaiota. Halafu akaniuliza, kwani ulikuwa na ndoto hiyo kweli?

Nikafikiri. Hapana. Nikiwa mtoto nilitaka kuendesha winchi. Ile ndefu ya kujengea maghorofa.

Insha ina kichwa cha habari tu. Mwandiko lakini mzuri.

Jumatatu, 10 Februari

Siku ya kwanza hospitalini. Niandike upesi kabla aibu haijanishika mkono.

Nilipangiwa chumba cha kufungia vidonda. Nikaazimwa koti jeupe, mikono yake mirefu kuliko yangu. Muuguzi mkuu akasema nisimame pale, nitazame, nisiguse kitu. Rahisi! Mgonjwa alikuwa mpishi wa hoteli, kisu kilimpitia kwenye kiganja. Muuguzi akafungua bendeji polepole. Nikatazama.

Kitu kinachofuata ninachokumbuka ni dari.

Halafu uso wa mpishi, ananipepea kwa faili kwa mkono wake mzima. "Pumua, binti, pumua. Mimi wala siumwi sana." Mgonjwa ananibembeleza mimi! Kumbe nilipokwenda chini nilikwenda na kitoroli. Pamba zilitapakaa chumba kizima kama kuku amenyonyolewa.

Muuguzi mkuu hakugomba. Aliniuliza kama nimekula. Nimekula. Akasema wengi wanazimia mwanzoni, wanazoea. Akazitazama zile pamba. Akasema, ila wewe utazoelea kwingine. Kesho niende idara ya tiba ya viungo, mwisho wa korido. Humo damu hakuna.

Nyumbani Baba akauliza nimeona nini. Nikasema mengi. Dari nayo ni kitu.

Jumanne, 11 Februari

Mahali penyewe ni ukumbi mrefu wenye madirisha makubwa. Mipira mikubwa ya rangi, kamba za mpira, ngazi isiyokwenda popote — unapanda, unashuka, basi. Mkuu wa idara ni mama wa makamo mwenye raba na filimbi shingoni. Wagonjwa wanamwita Kocha. Hata mimi sasa.

Amenikabidhi kwa Mzee Breki. Dereva wa malori mstaafu, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Anajifunza kutembea kati ya vyuma viwili, anavishika huku na huku. Mimi nyuma yake, nimeshika mkanda wake asianguke. Anapiga hatua kidogo, halafu anasimama ghafla, bila taarifa. Nikamgonga mgongoni.

"Nani huyo?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujitolea."

"Marahaba. Unajitolea kuniparamia?"

Alhamisi, 20 Februari

Mzee Breki amegundua kwamba najiandaa na usaili. Amejipa kazi ya usaili. Masharti yake: yeye anapiga hatua, mimi najibu swali. Nikijibu ovyo, anakanyaga breki.

"Kwa nini udaktari?"

"Kuokoa maisha."

Breki! "Nimesinzia. Gari linaacha barabara."

"Kwa sababu napenda sayansi."

"Bado nimesinzia."

Jasho likanitoka mimi, si yeye. Nikasema, basi, kwa sababu Baba anafurahi sana akilitaja. Hakucheka. Akapiga hatua. Akapiga nyingine.

"Na humu ndani unapenda nini? Au unapoteza muda tu na sisi vyuma chakavu?"

Nikajibu bila kufikiri. Nikasema napenda pale mguu unapokumbuka. Juzi alikuwa anauburuta, leo kisigino kimetangulia kugusa sakafu, na yeye mwenyewe hakujua — mimi nilijua, nilikuwa nauangalia. Nilitaka kupiga kelele.

Akaenda mpaka mwisho wa vyuma bila kusimama. Kocha akapuliza filimbi ukumbi mzima ukashtuka.

Nimerudi nyumbani na maneno yangu mwenyewe kichwani. Yanakera.

Jumamosi, 22 Februari

Jirani wa goti amerudi. Safari hii amekuja na shemeji yake, mgongo. Sebule ina foleni! Mama amepita na sinia la chai, ananong'ona, "Daktari, wodi imejaa."

Sikutaja maji. Nilimwomba jirani asimame kutoka kwenye kochi, akae, asimame tena. Kochi letu limebonyea, mtu anatoka humo kama anatoka kisimani. Nikaona anavyoegemea goti moja na kulikwepa lile linalouma. Nikamwonyesha namna ya kunyoosha mguu akiwa amekaa, nikamwambia aende kwa Kocha apimwe vizuri, mimi si mtaalamu.

Baba alinifuata jikoni. Kwani huandiki dawa? Sijui alikuwa anatania au la.

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Breki hajaja wiki nzima. Leo mkewe amepiga simu. Alianguka nyumbani, mlangoni. Hakuvunjika, lakini amesema basi, hatembei tena. Kocha akakata simu, akakaa na filimbi yake mdomoni, bila kuipuliza.

Kesho tunakwenda kwake. Amesema "tunakwenda". Mimi na yeye.

Jumanne, 4 Machi

Tumemkuta kwenye kiti karibu na dirisha, redio mapajani, imezimwa. Shavu lina chubuko. Nikamwamkia. Akaitikia kwa kidole.

"Gari limeegeshwa," akasema. "Ufunguo nimetupa."

Kocha akamweleza juu ya misuli, juu ya damu kutembea, juu ya hatari ya kukaa. Yote kweli. Mzee akafumba macho. Mkewe anatuangalia kama tumekuja na habari mbaya, na tulichokuja nacho ni mpira mmoja tu.

Mimi nikauliza swali la kijinga. Nikauliza alikuwa anakwenda wapi.

Mkewe naye akageuka — kumbe hajawahi kumuuliza. Mzee akafumbua jicho moja.

"Kwa kinyozi."

Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara, kiti chake kinaonekana pale dirishani. Tangu augue, mkewe ndiye anamnyoa. "Nitazameni," akasema. "Nimefyekwa kama uwanja wa mpira!" Mkewe akamrushia kitambaa. Mzee akacheka, akalia, akacheka tena, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kocha akaenda kutazama mlango. Kizingiti ni kirefu kuliko vidato vyetu kule ukumbini. Tumemfundisha kupanda ngazi ya watoto! Nikasema, basi tufanyie mazoezi hapahapa, kwenye kizingiti chenyewe. Nilidhani nawaza tu moyoni. Kumbe nimesema.

"Haya," Kocha akasema. "Mshike wewe."

Nilisimama chini, yeye juu. Mguu mbovu kwanza kushuka. Nikakunja magoti, nikashika mkanda. Uzito wake wote ukaja mikononi mwangu. Akashuka. Akatukana lori fulani la zamani. Akapanda. Akashuka tena.

Hakuna dari leo. Sikuiona hata mara moja.

Jumatano, 12 Machi

Amekwenda kwa kinyozi!! Na fimbo, na mkewe hatua kadhaa nyuma anajifanya anatembea zake tu. Kocha na mimi tulisimama kwenye dirisha la nyumba yake kama watu wanaotazama fainali. Barabara ilikuwa tupu lakini alisimama katikati, akatazama kulia, akatazama kushoto. Dereva ni dereva.

Amenyolewa vibaya. Mkewe anasema yeye alikuwa ananyoa vizuri zaidi. Kweli tupu!

Jumapili, 16 Machi

Fomu ya maombi iko kwenye kompyuta ya Kamusi. Chaguo la kwanza, nafasi moja tu. Kamusi anasema hakuna la kufikiri: udaktari. Damu nitaizoea. Anasema kweli, nadhani naweza kuizoea. Hilo ndilo linalonisumbua. Sitaki kuchagua kitu kwa sababu nitakizoea.

Nimejaza: fiziotherapia, ndiyo tiba ya viungo ya kina Kocha. Sijatuma. Mwisho ni Ijumaa.

Nikawaambia wazazi mezani, mchana.

Baba akaweka kijiko. "Wale wa kukanda?"

"Si kukanda tu, Baba. Wanafundisha watu kutumia miili yao tena."

"Nimeshawaambia watu."

"Watu gani?"

"Wote," akajibu Mama, anapakua.

Nikasema siogopi kazi, nikasema juu ya kuzimia, nikasema juu ya Mzee Breki na mguu wake. Maneno yakanitoka yamechanganyika. Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Aliondoka akaenda karakana yake, na jioni bango la mteja likatoka limeandikwa DUKA LA VAITU. Baba! Ambaye hajakosea herufi tangu nizaliwe.

Jumatano, 19 Machi

Mkono hautulii kwa kucheka. Nitajaribu.

Nilitoka stoo na mpira mkubwa, nikamwona Baba kwenye benchi la wagonjwa. Amevaa shati lake la kuendea ofisini kwa watu. Nilijua papo hapo amekuja kumwomba Kocha anirudishe kwenye udaktari. (Amekiri baadaye.) Nikajificha nyuma ya pazia na mpira wangu.

Kocha hamjui Baba. Alimtazama tu anavyokaa.

"Wewe ni bega. Njoo."

"Mama, mimi nimekuja kuhusu—"

"Kuhusu bega, naona. Miaka mingapi unafanya kazi mkono ukiwa juu? Simama ukutani. Tembeza vidole, panda."

Na Baba akapanda! Vidole vikatembea ukutani kama buibui mwenye adabu. Kila akitaka kujieleza, filimbi. Mzee Breki, aliyerudi mazoezini, alikuwa kwenye ukuta wa pili, naye anapandisha mkono wake.

"Mgeni?" akamuuliza Baba. "Usijali, siku ya kwanza wote tunatamani kutoroka."

Baba akauliza, kama mtu asiye na lolote, kwamba amesikia kuna binti anajitolea humu. Anafaa?

"Kama anafaa sijui, mimi ni dereva. Ila anavyoutazama mguu wangu, mguu wenyewe unaona aibu kuzembea."

Baba akaacha vidole palepale ukutani. Muda kidogo. Filimbi ikalia, akaendelea.

Alipogeuka akaniona, mpira umejitokeza nje ya pazia. "Kumbe uko hapa," akasema, kama mimi ndiye niliyemfuata.

Tumerudi nyumbani pamoja kwa miguu. Karibu na mlango akasema mikono ya koti langu ni mirefu, Mama aipunguze.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetuma. Baba alikuwa amesimama pembeni.

"Sijasema nimekubali."

"Sijasema umekubali, Baba."

Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye koti langu na sindano: "Basi mmekubaliana."

Jumanne, 8 Aprili

Usaili! Naandika kwenye benchi la korido, kalamu inaruka. Milango miwili. Ule wa udaktari una umati, Kamusi yuko huko, midomo inacheza, nadhani amefika kwenye figo. Wetu una watu wachache. Sijui kama ni dalili njema.

Baba amesisitiza kunisindikiza. Amekaa karibu na bwana mmoja mwenye tai, baba wa kijana wa mlango ule mwingine. Bwana huyo amekwishaeleza mwanawe ni hodari kiasi gani, na bado anaeleza. Sasa amemgeukia Baba. Na binti yako, anaomba nini?

Nimeinamia karatasi. Sitaki kumwona Baba usoni.

Anakohoa.

"Fizi—" Amekwama. Ananigusa bega, ananong'ona nilitamke tena, taratibu. Nimelitamka. Analirudia kimoyomoyo, naona midomo. Halafu kwa sauti, lote, herufi kwa herufi, kama analiandika juu ya ukuta mrefu. Fiziotherapia.

Bwana wa tai: ndiyo nini hiyo?

Mlango umefunguliwa. Jina langu! Nasimama — Baba hata hajaniona, anakunja mikono ya shati, anamwambia yule bwana: "Hebu simama kwanza nikuone. Hapana, bila kushika ukuta—"