Evod na baiskeli ya mzee Nickolaus

Merina, uko wapi? Mume wangu Evod amerudi sasa hivi, amekaa nje, hata maji hataki.

Si unajua mahakama ilivyompiga faini na kumfungia leseni mwaka mzima, kwa kuendesha gari amelewa na kumgonga jirani yetu mzee Nickolaus akiwa kwenye baiskeli yake? Leo mtu wa bima naye kapiga simu. Gari hawatengenezi, kwa sababu dereva alikuwa amelewa. Evod akasema, "Sawa." Sawa tu. Mimi ndiye niliyebishana.

Simu haijapoa, mzee huyo mlangoni na magongo yake, mguu bado una plasta. Anamwomba Evod ampeleke hospitali na gari. Alidhani faini ilimaliza kila kitu. Anamwita "mwanangu", Merina. Mwanangu.

Evod akamwambia ukweli, macho chini: leseni imefungiwa, na gari ni bovu. Halafu akaenda kuchukua baiskeli ya mzee, ile ile aliyoipinda, fundi ameshainyoosha. Akampakia kwenye keria, akaikokota kwa mguu mpaka hospitali, bodaboda wote wa Ifakara wanamwangalia.

 Anasema walipofika getini mzee akamshika bega, kwa upole kabisa: "Leo umeniendesha vizuri, mwanangu. Siku ile ulikuwa unawahi wapi?"

 Evod amekaa hapo nje analirudia swali lile lile.

Merina, siku ile hakuwa anawahi popote.