Kigong'ota wa Kibira

Gihosha, Bujumbura
12 Julai

Kaka yangu mpendwa Fortunat,

Nakusalimu kwa moyo wote. Hujambo huko Uvira? Shemeji na watoto wameamkaje? Sisi tupo, na Papa, mzee wetu, anakula vizuri.

Jumamosi nilimpeleka kwenye msitu wa Kibira. Tangu presha ya macho impofushe, alikuwa akiniomba jambo hilo moja tu: asikie tena msitu kama ule wa Itombwe, alikokuwa akiongoza wageni wa kutazama ndege. Tulitembea polepole ndani ya ukungu, yeye ameshika bega langu, majani yakidondosha maji, hata nikahisi tumeingia katika usingizi wa mtu mwingine.

Ghafla akasimama. Juu yetu kitu kiligonga mti: ko-ko-ko, kimya, ko-ko. Uso wake ukawa wa kijana. Akasema ni kigong'ota, anachokonoa kuvu za mti akitafuta wadudu. Mgongo wake ni wa kijani chenye dhahabu, na juu ya mkia ni mwekundu kama pilipili. Dume ana utosi mwekundu, jike ana kichwa cha kijivu kitupu, na wote wawili hulalia mayai kwa zamu.

"Niambie, Pascaline, ni dume ao jike?"

Moïse, kiongozi wetu, alinionyesha kwa kidole, karibu kabisa. Ndege alipanda akizunguka shina, na kila nilipompata alipotea. Nikabahatisha, nikajibu ni dume, kichwa chekundu. Moïse akacheka: "Apana, dada, huyo ni jike. Angalia vizuri."

Papa hakucheka. Aliniambia nitazame mbele, akainua mkono kando ya uso wangu, akauliza ni vidole vingapi. Hata mkono sikuuona. Nikamwuliza mkono uko wapi.

"Tangu lini, mutoto wangu?" akauliza, machozi yakimtoka.

Kaka, nilijua tangu mwaka jana kwamba sioni tena pembeni. Nilificha, maana nani mwingine angemwongoza? Jumatatu daktari alithibitisha: ni ugonjwa wa Papa. Kilichopotea hakirudi, lakini dawa ya matone itanilindia kilichobaki. Akasema pia kwamba ugonjwa huu unatembea katika damu ya ukoo, na huanza bila maumivu yoyote. Nakusihi, kapimwe macho wiki hii, wewe na watoto.

Papa anakusalimu sana. Anasema ukivuka mpaka wa Gatumba usimletee zawadi, umletee majibu ya daktari.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbatia kwa mbali,
Pascaline