Mtoto Asiyejigeuza

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Foleni ya zahanati hadi barazani, wengi malaria. Saa tano kaja mzee mmoja wa Mwaya na mkamwana wake, Tumpe, na kichanga cha miezi miwili, Lusajo. Anatapika, hanyonyi. Malaria hana. Mzee kasema mtoto kaanguka kitandani jana. Tumpe kageukia ukutani, khanga usoni. Mila yetu: mkamwana hatazamani na baba mkwe, wala hasemi mbele yake. Sikumuuliza kitu. Nimewapa dawa ya kuzuia kutapika, wameenda.

Jumanne, 4 Machi
Wa miezi miwili hajigeuzi. Kaangukaje? Limenijia leo nikinawa mikono. Mjinga mimi!

Sijakaa sawa, wamerudi. Lusajo ana degedege, utosi umefura. Nimemvua nguo, jambo ambalo jana sikulifanya. Alama za vidole mbavuni, kulia na kushoto. Kitanda hakina vidole.

Nimemwambia mzee atoke. Kang'aka: "Wewe si mtoto wa hapa? Huijui mila?"

"Naijua, baba. Toka."

Alipotoka ndipo Tumpe kasema. Juzi alikuwa shambani kwenye mpunga. Mtoto alibaki na baba yake, na baba yake havumilii kelele. Aliporudi, mtoto hashiki titi. Mzee ndiye aliyepanga waseme kitanda.

Gari la wagonjwa limewapeleka Mbeya. Nimejaza fomu ya polisi. Nimeijaza kwa hasira, nusu yake juu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Simu kutoka Mbeya. Damu kwenye ubongo, damu nyuma ya macho yote mawili. Katikiswa. Baba yake kakamatwa. Daktari wa kule kauliza mbona Jumatatu nilimrudisha nyumbani. Nikasema foleni ilikuwa kubwa. Uongo. Nilimwonea haya mzee. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Lusajo amekufa.

Jumatano, 12 Machi
Mazishi yamepita. Leo Tumpe kaja peke yake, kakaa kwenye benchi mpaka nilipomaliza wagonjwa. Swali lake moja: angepelekwa Mbeya Jumatatu ile, angepona?

Ningeweza kusema sijui. Nimesema huenda.

Hakulia. Kasema, "Ndaga, asante, dada. Wengine wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu."

Kisha kajifunga khanga, akaenda.