Mikono ya Bibi

Nyanungu, Jumamosi jioni

Nimesema uongo, tena uongo mbaya kuliko ukweli wenyewe.

Usaili wangu ni Jumatatu, na nilitaka kufika mbele ya jopo nikiwa na uso laini. Ngozi yangu ni kavu tangu utotoni. Dada wa saluni kule Sirari alinionya kwamba kwa ngozi ya namna hii dawa ya kuchubua isizidi dakika mbili. Nikamsihi aiache tano. Mimi, mwenye shahada. Sasa mashavu yangu ni kidonda.

Leo bibi aliniita uwanjani anibariki kwa ajili ya safari, kama anavyombariki kila anayesafiri kutoka nyumbani kwetu: huchota samli kwa kiganja na kumpaka usoni. Macho yake yamefifia, hivyo hakuona nilivyoungua. Vidole vyake viliponigusa nililia kwa maumivu, nikausukuma mkono wake.

"Kumbe wasomi hawapakwi samli!" alinitania, huku akicheka.

Nilipaswa kumweleza. Lakini niliona aibu kukiri nilichojifanyia, nikasema, "Inanuka, bibi."

Kicheko kilikatika. "Haya, mama. Nenda hivyo hivyo."

Nimeandaa majibu ya kila swali la jopo, ila maneno ya kumwomba radhi mzee mmoja sijayapata. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake nikiyatafuta, nikamsikia akimwomba mama sabuni, anawe mikono.