Duara Lenye Mkia

Yakobi, Njombe
14 Julai 1954

Kaka yangu mpendwa Mika,

Kamwene, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe kwenye mkonge, kama bado uko huko. Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imezidi, asubuhi umande unaganda juu ya majani, na baba analalamikia goti lake kabla hata hajaamka vizuri. Ulezi tumepata wa kutosha. Mume wangu Nahumu bado ni utingo wa lori, kila wiki huenda Makambako na kurudi, na yeye ndiye chanzo cha haya ninayokueleza.

Dukani Makambako sukari hufungwa kwa magazeti ya zamani. Siku moja mama alikunjua karatasi ya sukari aliyoleta Nahumu ili awashie moto, akaona picha zimepangwa ndani ya visanduku. Mtu mnene, jina lake Bwana Masumbuko, amenunua baiskeli mpya na hajui kuiendesha, lakini anaona aibu kusema, basi anaisukuma kila aendako. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu uondoke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Akaniuliza wanasema nini kwenye yale maduara ya maneno, yenye mkia unaoelekea mdomoni mwa anayesema, nikamsomea. Kesho yake akataka tena, na keshokutwa tena, mpaka nikamwambia mimi nina shamba la kupalilia, asome mwenyewe.

Nilisema kwa kuchoka tu, kumbe amelishika neno. Mama huyu huyu aliyelikimbia darasa la watu wazima kanisani mara tatu, akidai herufi zinamtia usingizi! Kwa kuwa alishayajua kwa kichwa maneno ya Masumbuko, alianza kuyafuata kwa kidole, moja moja, mpaka akayatambua hata yakiwa mahali pengine.

Nahumu naye akatumwa achague sukari yenye picha, na mwenye duka akamwona kama amerukwa na akili, kwa jinsi alivyokagua karatasi kuliko sukari. Vipande vilikuja ovyo. Wiki hii Masumbuko amevunjika mguu, wiki ijayo ni mzima na baiskeli bado ina karatasi za dukani. Mama akawa anavibandika ukutani kwa uji, na majirani wanakuja kubishana kipi kilitangulia. Baba, kama mzee wa kanisa, alisema huo ni utoto na atauchoma wote. Asubuhi moja alichukua kipande akawashie moto, tukamkuta amekaa nacho, moto hamna. Unajua macho yake hayawezi tena maandishi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule bwana hatimaye alipanda.

Sasa kaka, nina jambo la kukiri. Tangu Pasaka ya mwaka jana hujaandika. Mama alikuwa akisikia lori anatoka nje, na Nahumu akija mikono mitupu, hali chakula. Nilishindwa kuvumilia. Nikachukua barua yako ya mwisho, nikamwambia imefika mpya, nikamsomea yasiyokuwemo: kwamba umekuwa mnyapara, afya ni njema, na umemnunulia blanketi. Nimefanya hivyo mara nne, kwa karatasi ile ile. Nilimdanganya mama yangu, na sikuona haya kwa sababu alikula.

Jumamosi iliyopita aliitoa barua mwenyewe, akakaa mlangoni penye mwanga. Kwanza alinung'unika kwamba maneno yako hayana duara wala mkia, sasa mtu atajuaje ni nani anayesema. Kisha akasoma, kidole kikitembea, mpaka akafika pale unaposema mkonge umekukata mguu, kidonda hakiponi, na unaona aibu kurudi bila kitu. Hayo sikuwahi kumsomea. Akaniuliza blanketi liko mstari gani. Nililia sana, kaka. Hakunigombeza. Alisema kumbe amezaa Masumbuko, kijana anayesukuma aibu yake barabarani wakati nyumbani hakuna anayemdai baiskeli. Na akanitaka penseli.

Kwa hiyo usinijibu mimi. Mjibu yeye, na uandike herufi kubwa. Kama mkono unakataa, njoo na huo mguu, Nahumu atakupokea Makambako. Karatasi ya mwisho ya Masumbuko hatujaipata, na mama anasema huenda ikatangulia kufika kuliko wewe, basi fanya haraka.

Baba anakusalimu, na majirani wote wanaobishana ukutani kwetu. Hapa chini nimemwachia mama nafasi. Mwanamke mwenye kitambaa ni yeye, kajichora, usimcheke pua. Lile duara linatoka mdomoni mwake, na mkia ameuchora mrefu makusudi, ili ujue ni nani anayesema.

Ni mimi mdogo wako,
Ema

MIKA. BLANKETI SITAKI. NJOO.